Bata Mzinga wa Sikukuu: Hatari Imo Tumboni Mwake

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali. Usemi huo wastahili kukumbukwa kila unapokaribia mwezi wa Desemba, wakati ambapo katika nyumba za maofisa na za askari, katika mabwalo ya kambi na katika vituo vya polisi, huanza mashauri juu ya kitakachochinjwa siku ya sikukuu, nani atakipika, na kwa namna gani. Mwenye mbuzi hutaja mbuzi. Mwenye jogoo hutaja jogoo. Na wako katika Uganda ambao hutaja bata mzinga, ndege yule mkubwa mwenye shingo nyekundu ambaye Waganda humwita ssekkokko.

Ndege huyu hatofautiani na jogoo kwa sura tu, bali hasa kwa ukubwa. Kwa sababu ya ukubwa huo, mapishi yake yaliyo mashuhuri kupita yote, yaani kumjaza tumbo kwa mkate, vitunguu na viungo kabla ya kumwoka, yana hatari ambayo hata mpishi hodari wa kuku aweza asiifahamu. Hatari hiyo ndiyo shabaha ya makala haya. Hatukusudii kumnyima mtu karamu yake, wala kumwambia kwamba mapishi aliyorithi kwa mama yake ni mabaya. Twakusudia kuonyesha mahali adui alipojificha, ili apigwe papo hapo.

ASILI YA MAPISHI HAYA

Desturi ya kujaza matumbo ya wanyama na ndege ni kongwe kuliko bata mzinga mwenyewe mezani. Katika kitabu cha mapishi cha Warumi wa kale, kijulikanacho kwa jina la Apicius, yamo maelezo ya kujaza kuku, mtoto wa nguruwe, na hata mnyama mdogo wa msituni afananaye na panya. Bata mzinga alikuwa bado hajulikani kwao, kwa kuwa nchi yake ya asili ni Amerika. Wahispania walimkuta Mexico akifugwa na wenyeji, wakamleta Ulaya katika karne ya 16, na tangu hapo akaenea duniani.

Nchini Marekani ndege huyu amekuwa mfalme wa Sikukuu ya Shukrani. Mwandishi Sarah Josepha Hale, katika riwaya yake iitwayo Northwood iliyotolewa mwaka 1827, alieleza meza ya sikukuu hiyo na kumweka bata mzinga aliyejazwa mahali pa heshima. Bibi huyo alipigania kwa miaka mingi kwamba taifa zima liwe na siku moja ya shukrani, na mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba Alhamisi ya mwisho ya Novemba itumiwe hivyo. Mwaka 1941 bunge la nchi hiyo liliiweka siku hiyo katika sheria kuwa Alhamisi ya nne ya mwezi huo.

Tangu mwanzo sikukuu hiyo ilishikamana na askari. Mwezi Novemba 1864 wananchi wa New York walichanga bata mzinga na vyakula vingine kwa wingi, vikapelekwa kwa majeshi ya Jenerali Grant yaliyokuwa yameuzingira mji wa Petersburg, Virginia. Kutoka hapo ikawa mila katika majeshi ya Marekani kwamba siku hiyo askari, popote alipo, apate kipande cha bata mzinga pamoja na kijazo chake. Maelfu ya raia wa Uganda waliokwenda Iraki tangu mwaka 2005 kufanya kazi ya ulinzi katika kambi za Wamarekani walikuwa miongoni mwa watu wenye mila hiyo.

Liko jambo moja la Baghdad lenye mafunzo kwa mpishi yeyote wa kambi. Tarehe 27 Novemba 2003 Rais George W. Bush aliwatembelea ghafla askari wake katika uwanja wa ndege wa mji huo, akapigwa picha ameshika sinia lenye bata mzinga mnene aliyepambwa kwa matunda. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Baadaye magazeti yalieleza kwamba ndege yule alikuwa wa kupamba meza. Askari walipakuliwa chakula chao kutoka katika trei za chuma zilizowekwa juu ya maji ya moto. Wako waliocheka. Lakini mpishi mwenye kulisha mamia hakucheka, maana ajua sababu. Katika vitabu vya mapishi vya majeshi ya Marekani, ambavyo hupima kila chakula kwa watu 100, mkate wa kijazo huokwa peke yake katika trei pana. Ndege mzima hupendeza macho. Trei hulisha watu salama.

KILA NYUMBA NA KIJAZO CHAKE

Tumeita kijazo ule mchanganyiko utiwao tumboni mwa ndege. Asili yake ni mkate mkavu uliokatwa vipande, ukachanganywa na vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi, seleri, majani yenye harufu, chumvi, pilipili manga, na mchuzi wa kuloweshea. Wengine huongeza mayai. Wengine hukata firigisi, moyo na maini ya ndege mwenyewe.

Lakini hapo ndipo umoja unapokwisha. Katika majimbo ya kusini ya Marekani hawautaki mkate wa ngano. Kwao kijazo cha kweli ni cha mkate wa unga wa mahindi, na wengi wao hukioka nje ya ndege na kukipa jina jingine kabisa. Kwenye pwani ya mashariki wako watiao chaza. Minnesota, nchi ya maziwa, hutumia mpunga mwitu uotao majini. Miongoni mwa watu wa Pennsylvania wenye asili ya Kijerumani, viazi vilivyopondwa huchanganywa na mkate. Wengine hupenda soseji, wengine matofaa, wengine zabibu kavu. Nchini Uingereza, ambako bata mzinga huliwa Krismasi, kijazo kinachopendwa tangu zamani ni cha vitunguu na majani ya mmea uitwao seji. Na katika nchi za Kiarabu, kama vile Lebanoni, ndege hujazwa wali uliochanganywa na nyama ya kusaga na karanga za namna namna.

Watu wa nyumba moja huweza kushindana juu ya jambo hili kana kwamba ni jambo la mipaka ya nchi. Kijana wa kusini akioa binti wa kaskazini, sikukuu ya kwanza huwa mtihani wa ndoa: kijazo cha mama yupi kitapikwa? Na ugomvi mkubwa kuliko wote ni huu: je, kijazo kipikwe tumboni mwa ndege, au pembeni katika trei? Wanaosema tumboni hudai kwamba mafuta na mchuzi wa nyama huingia katika mkate na kuupa ladha isiyopatikana kwa njia nyingine. Wanaosema pembeni husifu ule ukoko wa juu, mkavu na wenye rangi ya kahawia. Mwaka 1972 kampuni ya General Foods ilianza kuuza kijazo cha pakiti kiitwacho Stove Top, kilichobuniwa na mtaalamu wa upishi Ruth Siems, ambacho hupikwa katika sufuria bila ndege yeyote, na mauzo yake yakaonyesha kwamba watu wengi wako tayari kula kijazo kisichopata kuona tumbo la bata mzinga.

Sisi hatutaamua ugomvi wa ladha. Ladha ni urithi, na mtu hapokonywi urithi wake kwa amri. Lakini katika ugomvi huo limo jambo lisilo la ladha, nalo ni la joto na saa. Hilo halina kusini wala kaskazini.

MAHALI PA MWISHO KUPATA MOTO

Ndege awekwapo katika tanuri, moto humwingia kutoka nje kwenda ndani. Ngozi hupata moto kwanza, kisha kidari na mapaja, kisha mifupa ya mbavu, na mwisho kabisa kile kilichomo katikati ya tumbo. Wakati huo huo damu na majimaji ya nyama mbichi hudondoka ndani na kunyonywa na mkate. Basi kijazo hupokea vijidudu vyote vya ndege mbichi, na ndicho cha mwisho kupata joto la kuviua. Ni kama handaki lililojengwa kwa nyama: mizinga yapiga nje, adui ametulia ndani.

Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani wameweka kipimo kimoja: nyama ya ndege na kijazo chake, kila mahali na hasa katikati, vifike nyuzi 74 za Sentigredi. Chini ya hapo pana shaka. Na hapo mpishi hukutana na njia panda. Kidari kinapokuwa tayari, aghlabu kijazo bado. Akimtoa ndege, watu watakula kijazo kibichi. Akimwacha mpaka kijazo kiive, kidari hukauka kama ubao. Wapishi wengi huchagua kuokoa kidari, kwa kuwa kidari kikavu huonekana na wageni, bali kijidudu hakionekani.

Rangi ya nje si shahidi wa kutegemewa. Ndege aweza kuwa na ngozi ya dhahabu huku kijazo chake kina uvuguvugu tu. Shahidi wa kweli ni kipimajoto cha jikoni, chenye ncha ndefu ya chuma, kinachochomwa katikati ya kijazo, na katika sehemu nene ya paja na ya kidari bila kugusa mfupa. Jiko linalolisha kikosi lingepaswa kuwa na chombo hicho kama vile ghala la silaha linavyopaswa kuwa na kufuli.

MAADUI WAWILI

Adui wa kwanza ni salmonela, jamii ya bakteria waliopewa jina la mganga wa mifugo Daniel Elmer Salmon. Msaidizi wake Theobald Smith ndiye aliyemtambua mmoja wao mwaka 1885. Hukaa matumboni mwa ndege bila kuwadhuru. Mtu akiwala, baada ya saa 6 hadi siku 6 hushikwa na homa, msokoto wa tumbo na kuharisha, na ugonjwa waweza kudumu kwa siku 4 hadi 7. Kati ya mwaka 2017 na 2019 aina moja ya salmonela iliyotokana na nyama mbichi ya bata mzinga iliwaugusha watu 358 katika majimbo 42 ya Marekani. 133 kati yao walilazwa hospitali na mmoja akafariki. Na hiyo ni nchi yenye majokofu katika kila nyumba. Hata hivyo adui huyu hana ngome: joto la nyuzi 74 humwua mara moja.

Adui wa pili ni mjanja zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Clostridium perfringens. Aonapo moto, hujifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu, akastahimili kuchemshwa. Chakula kikiisha kuiva, kikaachwa kipoe polepole katika sufuria kubwa, mbegu ile huamka. Katika joto la nyuzi 43 hadi 47, ambalo ni joto la chakula kilichofunikwa mezani kwa muda mrefu, bakteria hawa waweza kujizidisha maradufu katika dakika 10 hivi. Piga hesabu, ndugu askari: mmoja kwa dakika 10 huwa wawili, na kwa saa 2 hupita 4,000. Mlaji hushikwa na tumbo na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba bakteria huyu huugusha watu wapatao milioni 1 kila mwaka, na Novemba na Desemba, miezi ya karamu, ni majira yake makuu. Hupenda mahali panapopikwa kwa wingi: hospitali, shule, magereza, na kambi.

Wenye kujaza wali wamjue na wa tatu, Bacillus cereus, ambaye naye mbegu zake hustahimili kupikwa kwa mchele, na ambaye wali uliolala bila kupozwa vizuri ni makao yake. Sumu yake ya kutapisha haiharibiwi kwa kupasha moto tena.

Mtu aweza kuuliza: tumbo la siku moja lina uzito gani katika mambo ya ulinzi? Lina uzito mkubwa. Kikosi hula sufuria moja. Raia akiugua, nyumba moja huugua. Jiko la kambi likikosea, lindo zima hulala chini kwa usiku mmoja, na adui au mwizi hahitaji zaidi ya usiku mmoja. Tena chakula kimepata kuangusha askari ambao risasi haikuwagusa. Kati ya mwaka 2009 na 2010 zaidi ya askari 200 wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walivimba miguu, na wachache wakafariki, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kiini ni upungufu wa vitamini B1 katika posho yao. Ugonjwa ule haukuwa wa vijidudu, lakini fundisho ni lile lile: jiko ni sehemu ya ulinzi.

NAMNA YA KUFANYA

Njia iliyo salama kuliko zote ni kuoka kijazo peke yake. Mwenye kutamani ladha ya tumboni hakosi dawa. Na amtie ndege tumboni vitunguu vilivyokatwa, limau na majani ya harufu, ambavyo havitaliwa. Ndege akiisha kuiva, achukue mchuzi wa moto uliodondoka chini ya trei, auchemshe, kisha aumimine juu ya kijazo na kukirudisha motoni kwa muda mfupi. Kwa njia hiyo urithi wa bibi umehifadhiwa na handaki limebomolewa.

Kwa watu wapatao 12, chukua mkate uliolala wa kilo 1, ukate vipande vidogo. Kaanga vitunguu vikubwa 4 na seleri au karoti katika gramu 150 za siagi au mafuta. Chemsha firigisi na moyo mpaka viive kabisa, uvikate vidogo. Changanya vyote na chumvi, pilipili manga, mayai 3, na mchuzi wa moto kiasi cha lita 1, mpaka mkate uwe na umajimaji bila kuwa uji. Tandaza katika trei iliyopakwa mafuta, uoke katika joto la nyuzi 180 kwa muda wa dakika 45 hivi, mpaka katikati pafike nyuzi 74 na juu pawe na rangi ya kahawia. Asiye na tanuri na atumie sufuria pana juu ya sigiri yenye moto wa wastani, aifunike kwa sinia la bati na kupalia makaa juu yake, kama wafanyavyo mama zetu wanapooka mkate.

Katika kambi zetu hukaa watu wa dini na makabila mengi. Ni desturi njema kwamba ndege achinjwe na Mwislamu ili wote wale bila wasiwasi. Kwa sababu hiyo hiyo soseji ya nguruwe haina nafasi katika kijazo cha bwalo. Mtu wa kaskazini akitaka simsim, na atie simsim. Mwingine akitaka karanga, na atie. Trei ni mbili au tatu, na kila mmoja atapata yake. Hiyo nayo ni faida ya trei ambayo tumbo la ndege mmoja haliwezi kuitoa.

Anayeshikilia kujaza tumbo, na atii kanuni hizi. Kwanza, nyama, soseji, chaza au firigisi zitakazotiwa katika kijazo zipikwe kabla. Pili, vitu vikavu na vya majimaji visichanganywe mpaka wakati wa kujaza. Kamwe ndege asijazwe jioni ili aokwe asubuhi. Tatu, kijazo kiwe na unyevu, kwa kuwa joto lenye unyevu huua upesi zaidi, na kisishindiliwe. Kiasi cha robo tatu ya kikombe kwa kila nusu kilo ya ndege chatosha. Nne, ndege akiisha kujazwa aingie motoni mara hiyo hiyo, katika tanuri lisilopungua nyuzi 163. Ndege wa kilo 4 hadi 5 asiyejazwa huchukua saa 3 kasorobo hadi saa 3; aliyejazwa huchukua saa 3 hadi 3 na nusu. Tano, katikati ya kijazo pakiwa hapajafika nyuzi 74, ndege hajaiva, hata kama wageni wamekwisha kuketi. Akiisha kuiva, apumzishwe dakika 20, kisha kijazo chote kitolewe tumboni.

Kwa mwenye kununua ndege wa barafu dukani, kuyeyusha ni kazi ya siku kadhaa. Katika jokofu huhitaji saa 24 kwa kila kilo 2, yaani ndege wa kilo 8 aanze kuyeyushwa siku 4 kabla. Kumwacha mezani usiku kucha ni kosa, kwa kuwa nje huwa vuguvugu na vijidudu vikazaliana huku ndani bado ni jiwe. Walio wengi kwetu hununua ndege hai, nao wameepukana na taabu hiyo. Lakini kazi ya kunyonyoa, kutoa matumbo na kuosha ifanywe nje, mbali na kachumbari na vyombo safi, na ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

SAHANI YA ALIYE LINDONI

Limebaki neno moja, nalo kwetu ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Karamu ya raia ikiisha, wote wamekula. Karamu ya askari haiishi hivyo. Wakati wenzake wanapoimba na kucheza, yuko aliyesimama getini, yuko aliye kwenye kizuizi cha barabarani, yuko aliye katika doria. Wema wa wenzake humwekea sahani: paja nono, kijazo, mchuzi juu, sahani nyingine ikafunikwa, ikawekwa karibu na jiko ili isipoe. Saa 8 mchana imewekwa. Saa 2 usiku anarudi.

Kwa nia njema kabisa sahani hiyo imewekwa katika joto lile lile wanalolipenda bakteria. Chakula kisikae kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 kwa zaidi ya saa 2, na mahali penye joto kali linalopita nyuzi 32, kisizidi saa 1. Sahani ya aliye lindoni imekaa saa 6. Hivyo yule aliyeacha karamu kwa ajili ya usalama wa wengine ndiye atakayelipa kosa la jiko.

Basi na apewe haki yake kwa utaratibu. Kama liko jokofu, nyama yake ikatwe vipande, kijazo kitandazwe katika chombo chenye kina kisichozidi sentimita 5, viingizwe ndani kabla ya saa 2 kupita, na arudipo vipashwe mpaka vitoe mvuke kote, yaani nyuzi 74. Vilivyobaki viliwe katika siku 3 au 4, visivuke hapo. Kama jokofu halipo, fungu lake lisipikwe mchana. Liwekwe trei ndogo ya kijazo kisichochanganywa bado, mkate mahali pake na mchuzi mahali pake, na mpishi wa zamu akipike atakapokaribia kurudi. Na nyama yake iwe ya kuku mdogo atakayechinjwa na kupikwa jioni hiyo hiyo. Ama kiporo cha sikukuu kilicholala nje mpaka asubuhi, kitupwe. Hasara ya chakula kidogo ni nafuu kuliko hasara ya watu.

Kwa hiyo, wakuu wa vikosi na waangalizi wa majiko, wakati wa kugawa zamu za sikukuu, mtajeni pia atakayeshika kipimajoto na atakayeiangalia saa. Hapatakuwa na haja ya kumwuliza mtu kama kijazo chake ni cha mkate au cha mahindi, cha simsim au cha karanga, cha mama yake au cha mama mkwe. Ataulizwa mambo mawili tu: je, katikati pamefika nyuzi 74? Na je, sahani hii imekaa muda gani? Mwenye kuyajibu hayo kwa yakini na akaribishe wageni wake kwa moyo mkunjufu, ale na kushiba, kisha aende zake lindoni akiwa na afya na nguvu.